Irabu, Konsonanti na Mstari Mnyoofu: Mlinganyo wa Fermat Kabla ya Mhimili wa Pili

Mwanafunzi anayepewa mlinganyo y = 2x + 1 huchora mihimili miwili, huweka 0 mahali pa x akapata nukta (0, 1), huweka 3 akapata (3, 7), kisha huziunganisha kwa rula. Wepesi huo unaficha historia ambayo kwa kiasi kikubwa ni historia ya maandishi, na kwa hiyo inamhusu mwanaisimu pia.

Mwaka 1591 François Viète alipendekeza kwamba kiasi kisichojulikana kiandikwe kwa irabu, na kinachojulikana kwa konsonanti. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, aliufuata utaratibu huo katika risala fupi ya Kilatini iliyofika Paris mwaka 1637. Katika mfano wake wa mstari mnyoofu, D mara A ni sawa na B mara E. Irabu ndizo zinazotafutwa. Fermat anachukua mstari mmoja tu wa mlalo, wenye nukta N isiyohama. Kutoka N anapima urefu A hadi Z; kutoka Z anainua urefu E, kwa pembe maalumu, hadi I. Kwa kuwa uwiano wa A na E haubadiliki, I haiwezi kuuacha mstari mnyoofu uanzao N. Mhimili wa pili haumo, wala namba hasi. Upande wa pili wa N ni kama haupo.

Hata ile 1 ya mlinganyo wetu ingemtatiza. Katika mapokeo ya Viète, urefu mara urefu ni eneo, na eneo halijumlishwi na urefu. Ndiyo sababu Fermat, anapoingiza kiasi kisichobadilika, hukiita Z bapa, kana kwamba ni kipande cha ardhi. René Descartes, katika La Géométrie ya mwaka 1637, alikwepa kikwazo hicho kwa kuteua urefu mmoja kuwa kizio, hata zao la mistari miwili likawa nalo ni mstari. Ni yeye pia aliyezikabidhi x, y na z kazi ya irabu. Risala ya Fermat ilichapishwa mwaka 1679, miaka 14 baada ya kifo chake, ikiwa imevaa herufi zilizokwisha kuchakaa. Kwa maoni yangu, jina la Descartes lilinufaika na hilo zaidi ya inavyokiriwa.

Kiswahili kiliupokea mstari huu ukiwa tayari na x na y. Istilahi yetu, majira ya nukta, hutaja mahali nukta ilipotulia. Lakini majira, kwa mabaharia, ni mwelekeo wa chombo kilicho safarini. Sidhani kama waundaji wa istilahi walikuwa na Fermat akilini. Hata hivyo, kwake nukta haikutulia: kadiri Z inavyosogea kutoka N, ncha ya E ndiyo inayouchora mstari.