Kutoka uwanja wa ndege hadi Bayreuth: njia za treni kwa mgeni wa Kongamano la Kiswahili

Kila mwaka, mara nyingi mwezi wa Mei au Juni, Chuo Kikuu cha Bayreuth nchini Ujerumani huwakusanya wataalamu wa Kiswahili kwa kongamano. Walimu, washairi na wanafunzi kutoka pwani yetu ni miongoni mwa wanaokwenda. Wengi husumbuka kutafuta viza na nauli ya ndege, kisha wakasahau kwamba Bayreuth ni mji mdogo usiotuliwa na ndege za abiria za ratiba. Ukishuka kwenye ndege, safari bado. Asiyejipanga huishia kwenye teksi ya kilomita nyingi inayomla fedha zote za matumizi, au kulala kwenye benchi la stesheni kwa sababu treni ya mwisho imekwisha ondoka.

Viwanja vinavyofaa ni vitatu: Nürnberg, Frankfurt na München. Kwa treni za kawaida, njia zote tatu hupitia stesheni kuu ya Nürnberg. Ukijua kufika hapo, umeshajua nusu ya safari.

Kutoka Nürnberg

Huu ndio uwanja ulio karibu zaidi. Kutoka mjini Nürnberg hadi Bayreuth ni kama kilomita 80, pungufu ya Mombasa hadi Malindi. Shirika la ndege la Uturuki hutua hapa kutoka Istanbul. Ukitoka uwanjani panda treni ya chini ya ardhi, U2, ambayo hufika stesheni kuu kwa muda usiozidi robo saa. Hapo utapanda treni ya mkoa, yenye alama RE, kwa takriban saa moja hadi Bayreuth. Eneo lote hili liko chini ya mpango mmoja wa nauli uitwao VGN. Kwa hiyo tiketi moja ya kwenda Bayreuth hukutosha kwa U2, kwa treni, na kwa basi la mjini ukifika.

Kutoka Frankfurt

Wengi wetu hutua hapa. Stesheni ya treni za masafa marefu, Fernbahnhof, iko Terminali 1. Tafuta treni ya kasi, ICE, inayokwenda Nürnberg moja kwa moja kupitia Würzburg. Ni takriban saa mbili na nusu, kisha ubadilishe upande RE ya Bayreuth.

Tahadhari ya tiketi: ile ya bei nafuu iitwayo Sparpreis hukufunga kwenye treni ya saa maalumu. Ndege ikichelewa, tiketi hiyo imepotea. Baadhi ya mashirika ya ndege huuza Rail&Fly, yaani tiketi ya treni inayoambatana na ya ndege, ambayo haikufungi kwenye treni moja. Iulizie kabla ya kulipia ndege.

Kutoka München

Treni za mji S1 na S8 hutoka uwanjani hadi stesheni kuu kwa takriban dakika 40 hadi 45. Kutoka hapo ICE hufika Nürnberg kwa saa moja na kidogo. Asiye na haraka anunue Bayern-Ticket, ambayo ni halali siku nzima kwa treni za mkoa na za mji kote jimbo la Bayern, na watu hadi watano wanaweza kuitumia pamoja. Haikubaliki kwenye ICE. Siku za kazi huanza saa tatu asubuhi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za jimbo huanza tangu usiku wa manane. Andika majina ya wasafiri juu yake, mkaguzi huyatazama. Kwa kuwa Frankfurt haimo Bayern, tiketi hii haifai kutokea huko.

Treni inayokatwa njiani

Hapa ndipo wageni hupotelea. Baadhi ya treni za RE zinazotoka Nürnberg ni mbili zilizounganishwa, na njiani hutenganishwa: behewa za mbele huelekea mji mmoja na za nyuma mwingine. Usitosheke kwamba treni ni ya Bayreuth. Soma maandishi ya behewa unaloingia, au muulize mtu kabla ya kuketi. Neno Zugteilung maana yake treni itagawanywa. Gleis ni namba ya njia ambapo treni yako itasimama, na hubadilika dakika za mwisho. Verspätung ni kuchelewa. Fällt aus, treni imefutwa.

Saa zao na saa zetu

Ratiba zao huhesabu saa 24. Ukiona 15:34, kwetu ni saa tisa na dakika 34 alasiri. Mjerumani akikwambia halb drei, hakusudii saa tatu na nusu wala tisa na nusu. Ni nusu saa kabla ya tatu yao, yaani saa nane na nusu kwa hesabu yetu. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, wao wako nyuma ya Kenya kwa saa moja. Usikisie wakati kwa kutazama jua: mwishoni mwa Mei hutua baada ya saa tatu za usiku, na anayengojea giza ili ajue usiku umeingia anaweza kukosa treni au kuchelewa kupanga sala zake.

Ukichelewa, ukikamatwa

Kusafiri bila tiketi halali ni faini ya euro 60, hata kama ni kutoelewa tu. Treni ikikufikisha ukiwa umechelewa dakika 60 au zaidi, una haki ya kurudishiwa robo ya nauli. Kuanzia dakika 120, nusu. Hifadhi tiketi yako.

Ukifika

Kutoka stesheni ya Bayreuth hadi kituo kikuu cha mabasi, ZOH, ni mwendo mfupi wa miguu. Mabasi ya mji hukutana hapo, na chuo kiko upande wa kusini. Jumapili na sikukuu mabasi hupungua na maduka mengi hufungwa, basi usifike bila chakula.

Kabla ya kuondoka nyumbani, andika kwenye karatasi anwani ya malazi, simu ya mwenyeji wako, na saa ya treni ya mwisho ya kutoka Nürnberg siku hiyo. Ndege yako ikitua jioni sana, afadhali upange kulala Nürnberg usiku huo na uendelee asubuhi. Simu huzima chaji, karatasi haizimi.