Amotisa si ya mgongo wa abiria peke yake

Ukimuuliza motari wa Goma amotisa ni ya nini, atakujibu ni ya mgongo wa abiria. Historia yake inasema zaidi. Mwaka 1935 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki za R12 na R17, zenye furshi ya mbele yenye mafuta ndani. Resori zilikuwepo zamani, lakini resori ikikandamizwa inarudi kwa nguvu na kurukaruka. Mafuta yakipenya kwenye vitundu vidogo yanaituliza, gurudumu linabaki chini, na breki inashika.

Nyuma, pikipiki nyingi zilikuja kuwa na amotisa mbili, moja kila upande. Halafu Mbelgiji mmoja wa Liège, mhandisi Lucien Tilkens, akabuni amotisa moja tu, iliyolazwa chini ya tanki. Suzuki hawakuichukua. Yamaha wakainunua, na mwaka 1973 Håkan Andersson wa Uswidi akawa nayo bingwa wa dunia wa motokrosi, daraja la 250. Majuto ni mjukuu, Suzuki!

Pikipiki zetu nyingi za kubeba watu bado ni za amotisa mbili, na hilo si kosa, hata kwenye mawe ya Nyiragongo. Kosa ni kukaza resori za nyuma kwa sababu ya mizigo, huku mafuta ya furshi yanavuja na hayaongezwi. Pikipiki hiyo imerudi nyuma ya 1935: kwenye mteremko, ukikamata breki, gurudumu la mbele linadundadunda juu ya mawe na usukani haukusikilizi tena.