Mlango wa oveni ukigoma kufunguka: Mambo ya kufanya kabla ya kumwita fundi

Ni mkesha wa Idi. Jana oveni iliwekwa kwenye mpango wa kujisafisha ili jikoni kung'ae, na leo kuku ameshatiwa viungo, lakini mlango haufunguki. Kioo kimepoa, alama ya kufuli bado inawaka. Wa kwanza anavuta mpini, wa pili anavuta kwa nguvu zaidi, na wa tatu anakwenda kutafuta bisibisi. Hapo ndipo hitilafu ndogo hugeuka kuwa hasara: ndoano iliyopinda, bawaba zilizolegea au kioo kilichopasuka.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini mlango wa oveni hujifunga, kwa nini wakati mwingine hukataa kufunguka au kufunga, na hatua unazoweza kuchukua nyumbani bila kujihatarisha.

Je, oveni yako ina kufuli?

Majiko mengi yanayouzwa madukani Afrika Mashariki, yale yenye meko manne juu na oveni chini, hayana kufuli la mlango. Mlango wake hushikiliwa na springi zilizo kwenye bawaba.

Kufuli la umeme hupatikana hasa katika oveni zinazojisafisha zenyewe. Kampuni ya Marekani ya General Electric ilileta oveni ya aina hiyo sokoni mwaka 1963. Keki huokwa kwa nyuzijoto 180 hivi za Selsiasi, lakini oveni inapojisafisha joto hupanda hadi karibu 480, kwa saa mbili hadi nne, mpaka mafuta na mabaki ya chakula yawe majivu. Mlango ukifunguliwa wakati huo, hewa inayoingia inaweza kuwasha moto, na aliyesimama mbele ataungua. Ndiyo maana mlango hujifunga, na kwa kawaida haufunguki mpaka joto lishuke chini ya takriban nyuzi 300. Aina nyingine husubiri hadi zipoe zaidi.

Kufuli linafanyaje kazi?

Ndani yake kuna mota ndogo inayosukuma ndoano, swichi zinazoonyesha kama mlango umefungwa, na kihisi kinachopima joto la oveni. Vyote hupeleka taarifa kwenye bodi ya umeme, ambayo ndiyo hutoa amri. Bodi haiuoni mlango, inategemea inachoambiwa. Kihisi kibovu kikiiambia kuwa ndani bado kuna moto mkali, haitafungua, hata kama oveni imekuwa baridi tangu jana.

Mlango ukikataa kufunguka

Kwanza, subiri. Baada ya oveni kujisafisha, ipe saa moja au zaidi. Feni ikiendelea kuvuma, mara nyingi maana yake ni kwamba bado inapoa.

Pili, hakikisha si kufuli la watoto. Hili huwashwa kwa kubonyeza kitufe kwa sekunde chache, na mtoto anaweza kuliwasha bila mtu kujua. Aina nyingi huzuia vitufe tu, lakini zipo zinazofunga na mlango pia. Kitabu cha maelekezo kitakuonyesha namna ya kuliondoa.

Tatu, jiulize kama umeme ulikatika. Mota haiwezi kurudisha ndoano bila umeme, hivyo ukikatika katikati ya kazi, mlango hubaki umefungwa hata baada ya kupoa. Umeme ukirudi, iache oveni ipime joto kwanza. Saa ikiwa inamweka, irekebishe, kwa kuwa baadhi ya oveni hazipokei amri nyingine kabla ya hapo.

Nne, zima umeme wa oveni kwenye swichi yake ya ukutani au kwenye swichi kuu, subiri dakika 5 hadi 10, kisha uwashe tena. Mara nyingi bodi huanza upya na kuirudisha ndoano mahali pake.

Tano, ikiwa una hakika ndani hamna chakula wala sufuria, anzisha mpango wa kujisafisha, kisha usitishe baada ya dakika moja. Mota itazunguka na kujaribu kufungua. Wakati huo sukuma mlango kwa kiganja kuelekea ndani, usiuvute. Ukiuvuta, unaikaza ndoano.

Mlango ukikataa kufunga

Hapa tatizo huwa mara nyingi ni la kawaida. Angalia kama trei au wavu umesukumwa hadi mwisho. Kagua mpira au ukanda unaozunguka mlango: ukichomoka mahali pamoja tu, mlango hautakaa sawa. Tazama nafasi kati ya mlango na jiko. Ikiwa upande mmoja ni pana kuliko mwingine, huenda bawaba imepinda, na jambo hilo hutokea mtu akiegemea mlango ulio wazi au akiweka sufuria nzito juu yake.

Uchafu nao huzuia ndoano. Oveni ikiwa baridi na umeme umezimwa, futa tundu la ndoano kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni. Usipake mafuta ya kulainisha, kwa sababu yataungua na kutoa moshi.

Wakati wa kumwita fundi

Acha kujaribu kama mota inanguruma lakini ndoano haisogei, kama namba ya hitilafu inarudi kila unapowasha, kama umeme wa nyumba unajizima, au kama mlango unafunguka oveni ikiwa bado inajisafisha. Iandike namba hiyo umsomee fundi.

Mwombe apime kwanza kihisi, swichi, mota na fyuzi ya joto kabla ya kupendekeza bodi mpya, maana bodi kwa kawaida ndiyo kipuri ghali zaidi. Katika oveni nyingi za Marekani, kihisi kizima husoma karibu omu 1,080 katika joto la kawaida la chumba. Ni kipimo cha dakika chache kinachoweza kukuepusha na gharama usiyoihitaji.

Kwa waliotumiwa oveni na ndugu walioko Marekani, kuna jambo la ziada. Huko majiko ya umeme huungwa kwenye volti 240 na 120 kwa pamoja, na mota ya kufuli mara nyingi hutumia 120. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230 au 240 tu. Mwambie fundi jambo hilo kabla hajaunganisha waya.

Ukiona moto ndani ya oveni, usifungue mlango. Zima umeme, toa watu nje, na upige simu zimamoto: 114 Tanzania, 999 Kenya.

Kuzuia ni bora

Kabla ya kuiacha oveni ijisafishe, toa nyavu na trei, futa mafuta yaliyotuama, fungua madirisha, na uwaondoe jikoni watoto, wenye pumu na ndege wa kufugwa, kwani moshi wake unaweza kuwaua ndege.

Na usiisafishe kwa njia hiyo mkesha wa sikukuu. Joto lile kali ndilo mara nyingi huunguza fyuzi au kuharibu kihisi. Fanya hivyo wiki mbili kabla, ili kikiharibika kitu, fundi apate muda wa kutafuta kipuri na kuku wako asikose mahali pa kuiva.