Sinema ya Vugiri: mabwana wa mkonge walipotaka kuwaburudisha manamba

Anayesafiri kutoka Segera kwenda Moshi hupita chini ya milima ya Usambara bila kujua kuwa huko juu, upande wa kulia, kuna Vugiri. Ni kata ya Korogwe Vijijini, mahali pa baridi na mashamba ya chai. Kati ya mwaka 1935 na 1937 hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya mradi wa kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika, ukiitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Filamu 35 zilitengenezwa na mradi huo. Ni historia kubwa kwa mkoa wa Tanga, na inasikitisha kwamba wenyeji wengi wa Korogwe na Handeni hawajapata kuisikia.

Chanzo chake ni mkonge. Mwaka 1926 Mwingereza L.A. Notcutt alikuwa akisimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na kati ya mambo yaliyomjia kichwani ni kuwa na sinema ya shambani. Baadaye aliandika waziwazi sababu yake: sinema ingesaidia kuwafanya vibarua waridhike na wasiondoke. Burudani ilipangwa kama sehemu ya uendeshaji wa shamba, sawa na kambi na posho.

Ili kuelewa uzito wa wazo hilo, inafaa kuikumbuka hali ya kambi za mkonge za enzi hizo. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata. Mtu alifanya kazi kwa kipande, kadi iliyotiwa alama kwa kila siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa, na hakulipwa mpaka zitimie siku 30. Walikuwapo vijana wa Kizigua kutoka Handeni, Wasambaa walioshuka milimani, na manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali, Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde. Hawa hawakukosa burudani. Wazigua walikuwa na selo, Wasambaa na mdumange, Wamakonde na sindimba. Pwani ya Tanga vyama vya ngoma ya beni vilikuwa na vyeo vyake, sare zake na mashindano yake, na viongozi wake walichaguliwa na wachezaji wenyewe. Ngoma hizo hazikuwa za meneja. Hakuzipanga, na maneno yaliyoimbwa ndani yake mara nyingi hakuyaelewa. Naamini hapo ndipo lilipokuwa tatizo la mabwana shamba: watu walikuwa na furaha isiyopitia mikononi mwao.

Fedha za mradi zilitoka mbali. Mmarekani J. Merle Davis, wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, alikuwa ameongoza uchunguzi juu ya maisha ya wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na kitabu chake kilitoka mwaka 1933. Aliona sinema ingeweza kuwa daraja kati ya kijiji na dunia ya viwanda. Shirika la Carnegie la New York likatoa fedha, kampuni za migodi ya shaba nazo zikachangia. Notcutt akasimamia utengenezaji, na G.C. Latham akasimamia upande wa elimu. Mwajiri, mmisionari na serikali wakakaa meza moja. Mtazamaji hakualikwa.

Ukiitazama orodha ya filamu zenyewe, nia inajitokeza. Moja ilihusu benki ya akiba ya posta: kibarua anapokea mshahara, anaufukia, unaibwa, na mwenzake aliyeweka posta anasalimika. Nyingine ilihusu kodi, ikionyesha jinsi serikali inavyoitumia kwa manufaa ya wananchi. Gumu ilisimulia habari za kijana anayetoka kijijini kwenda mjini na kupotoka. Nyingine zilifundisha kuzuia malaria kwa watoto, kutunza ngozi za mifugo, kuepuka mmomonyoko wa ardhi.

Sipuuzi faida yake. Safura iliua watu, na filamu iliyoeleza jinsi minyoo inavyoingia kupitia nyayo ilikuwa kazi njema. Lakini katika orodha ile nzima hakuna filamu inayouliza kwa nini mshahara ni mdogo hata uweze kufukiwa kwenye shimo dogo, au kwa nini kodi ilimlazimu mtu wa Handeni kuacha shamba lake la mahindi akakate mkonge wa mwingine. Hakukuwa na haja ya kupiga marufuku maswali hayo. Aliyeshika kamera hakuyapiga picha, basi.

Sauti ilirekodiwa kwenye sahani za santuri, ili filamu moja iweze kuelezwa kwa Kiswahili, Kibemba, Kinyanja, Kiganda na lugha nyingine. Kuanzia Septemba 1935 hadi Februari 1936 gari la sinema lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waandaaji walihesabu watazamaji wapatao 80,000. Mwaka 1937 fedha za Carnegie zikaisha, serikali za makoloni zikakataa kuubeba mradi, na Vugiri ikafungwa.

Desturi ile ya burudani kumilikiwa na wenye fedha haikufungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika iliingia ubia na African Film Productions ya Johannesburg kutengeneza filamu za Kiswahili, na nyota wa Muhogo Mchungu alikuwa Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Waigizaji walikuwa wetu na lugha yetu. Kampuni ilikuwa ya Afrika Kusini. Baada ya uhuru bendi nyingi zilimilikiwa na mashirika na jumuiya, kuanzia NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, na mwanamuziki aliyeondoka aliacha gitaa nyuma kwa sababu halikuwa lake.

Leo wenye nguvu ya kumiliki burudani ni wakubwa zaidi. Kampuni ya Disney, yenye bustani za burudani katika mabara matatu, iliomba kusajili maneno "Hakuna Matata" kama alama ya biashara ya nguo nchini Marekani mwaka 1994, mwaka uleule ilipotoa The Lion King, na ikapewa mwaka 2003. Mwaka 2018 makumi ya maelfu ya watu walitia saini kupinga. Mama muuza fulana wa Korogwe hajaguswa na usajili huo, ila kampuni iliyomiliki picha imefika sasa mahali pa kudai hata msemo wa mtaani.

Kati ya filamu 35 za mradi ule, 3 zinajulikana kuhifadhiwa Uingereza, kwenye hazina ya British Film Institute: ya safura, ya mafunzo ya matibabu ya mifugo, na ya mashamba ya Kingolwira, Morogoro. Zina nyuso za watu wetu, na wajukuu wao hawajaziona. Halmashauri za Korogwe na Handeni, pamoja na Makumbusho ya Taifa, ziombe nakala. Zionyeshwe kwanza Vugiri, kisha Handeni na kwenye kambi za mkonge zilizobaki, na maelezo safari hii yatolewe na wenyeji, kwa Kisambaa, Kizigua na Kiswahili, na watazamaji wapewe kipaza sauti waulize yale ambayo mwaka 1935 hayakupigwa picha.