Nani Aulizwe Habari za Nyumbani?

Katika Bukavu yetu vikundi ni urithi wa zamani. Mwaka 1952 Padri Georges Defour, mmoja wa Mapadri Weupe, alianzisha hapa chama cha Xaveri, na tangu hapo watoto wengi wa parokia zetu wamelelewa kwa wimbo, mchezo na nidhamu ya kundi. Baadaye Kanisa la Kongo liliwakusanya watu wazima katika jumuiya hai za msingi, mtaa kwa mtaa. Urithi huo tunaupenda. Lakini kwa muda mrefu kipimo chetu kimekuwa kimoja tu: kuhesabu waliokuja. Daftari likijaa majina, tunasema kazi imefaulu.

Mwaka 1996 vita vilituingilia, na tarehe 29 Oktoba Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa mjini humu. Katika miaka iliyofuata viliongezeka vikundi vya namna nyingine: vya wanawake waliojeruhiwa, vya wazazi, vya mabinti, vya wanaume. Baadhi yake vilipimwa kwa uangalifu mkubwa, na historia ya vipimo hivyo inatuhusu sisi tunaokusanya watoto kila Jumamosi.

Mwaka 2013 jarida la utabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji vya Kivu. Wanawake waliotendewa ukatili wa kijinsia waliketi pamoja katika vikundi, wakaongozwa na wanawake wenyeji waliofunzwa kazi hiyo. Katika vijiji vingine kila mmoja alipewa msaada peke yake. Baada ya miezi sita, 9% ya wale wa vikundi walikuwa bado na dalili za huzuni nzito au wasiwasi mkubwa. Kwa wengine ilikuwa 42%. Basi kikundi kinaweza kuponya. Hata hivyo kilichopimwa pale kilikuwa hali ya mama mwenyewe. Je, mtoto wake?

Jibu moja lilikuja mwaka 2018, tena kutoka Kivu ya Kusini. Shirika la misaada la IRC pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia waliwafuatilia mabinti 869 wa miaka 10 hadi 14, katika maeneo 14, pamoja na walezi 764. Mabinti wote walipata mafunzo ya maisha mahali palipo salama. Kwa kura, walezi wa baadhi yao waliitwa kwenye mikutano 13 ya mazungumzo juu ya malezi. Walezi wa wengine hawakuitwa. Kisha wakaulizwa mabinti wenyewe.

Hapo ndipo penye uzito. Mabinti ambao walezi wao walihudhuria hawakueleza ukatili mdogo kuliko wenzao. Lakini walieleza kwamba nyumbani walionyeshwa upendo na ukunjufu zaidi. Mwenye kutafuta sifa angetangaza la pili na kuficha la kwanza. Mwenye kukata tamaa angefanya kinyume chake. Sisi tunayapokea yote mawili. Mzazi aliyejifunza kumsikiliza binti yake hawezi peke yake kuifanya njia ya kisimani iwe salama, wala kumzuia kila mwenye nia mbaya mtaani. Hata hivyo upendo alioanza kuuonyesha si kitu kidogo.

Mwaka 2020 yakachapishwa matokeo ya vikundi vya wanaume katika Kivu zote mbili, jozi 15 za jamii zikilinganishwa. Wanaume walirekebisha maoni yao, na uhusiano katika ndoa ulikuwa bora. Lakini wake zao walipoulizwa kama ukatili umepungua kuliko kwingine, tofauti ya hakika haikuonekana. Laiti wangeulizwa waume tu, tungepiga vigelegele na kwenda zetu.

Wengine husema kupiga kura kati ya wazazi ni dhuluma, kwa kuwa fungu moja linakosa. Tunaielewa huruma hiyo. Lakini nafasi zinapokuwa chache, kura ina haki kuliko orodha ya mwenyekiti yenye shemeji na majirani zake. Hata Mitume walipiga kura kumpata Mathia.

Tukumbuke pia kwamba Yesu alikuwa na miaka 12, umri wa mabinti hao, alipobaki hekaluni. Mama yake alimwuliza sababu, naye akapewa nafasi ya kujibu. Parokiani petu tathmini za mwisho wa mwaka huandikwa na viongozi, husomwa mbele ya viongozi, na mtoto hutajwa kama idadi. Tunapendekeza kwamba kabla ya kuanza kikundi cha wazazi, tuandike ni jambo gani nyumbani tunataka libadilike. Kisha miezi sita baadaye watoto waulizwe, mmoja mmoja, bila kuandika majina, na mtu asiye mzazi wao wala mkubwa wa kikundi hicho. Asiyetaka kujibu asilazimishwe. Na mtoto akitamka jambo zito, kijana aliyemwuliza asilichunguze mwenyewe wala asilipeleke kwenye mkutano: siku ileile alifikishe kwa mtu mzima aliyekabidhiwa ulinzi wa watoto, na kama hayupo parokiani, basi huyo apatikane kwanza, kabla ya swali lolote kuulizwa.