Jiwe la Mugere

Yapata kilomita 10 kusini mwa Bujumbura, kwenye kilima kinachotazama Ziwa Tanganyika, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25-XI-1871. Watu wengi wa pwani yetu husema hapo ndipo wazungu hao walipokutana. Baba yangu ni mmoja wao.

Tulitoka Gatete asubuhi, ndugu kumi ndani ya gari la kukodi, ziwa likiwa kushoto na michikichi kulia. Kaka alikuwa ametangulia kuficha kikasha cha plastiki karibu na jiwe, kisha akatupa namba za mahali pake ili watoto wakisake kwa simu. Mchezo huu ulianza Marekani Mei 2000, mara tu serikali ya huko ilipoacha kuvuruga mawimbi ya setilaiti kwa raia. Watoto walikipata kabla ya wakubwa kumaliza kupanda.

Mimi nilikuwa na la kumwambia mzee.

"Baba, samahani, walikutana Ujiji."

"Kwa hiyo jiwe hili linasema uongo?"

Halisemi uongo, nikamjibu, kwa sababu halisemi kwamba walikutana. Linataja majina na siku tu. Sisi ndio tuliojazia. Kwa hesabu ya Stanley, walikutana Ujiji tarehe 10 Novemba. Siku chache baadaye walipanda mtumbwi kuja kaskazini, wakalala Mugere siku mbili wakiwa wageni wa mtawala Mukamba.

Safari hiyo, kwa maoni yangu, ina uzito kuliko salamu za Ujiji. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Kama ungetoka, huenda Tanganyika lingekuwa chanzo cha Nile. Waliukuta unaingia. Lakini Burton na Speke walikwisha kuambiwa hivyo na wenyeji wa Uvira mwaka 1858! Miaka 13 ilipita habari hiyo ikisubiri mzungu aione kwa macho yake.

Mtumbwi wenyewe haukuwa wao. Ulikuwa wa Said bin Majid, mfanyabiashara Mwarabu wa Ujiji, umechongwa kwa mti wa mvule, ukivutwa na wapiga makasia 16. Jiwe halina jina la hata mmoja wao. Nami nazungumza Kiswahili nyumbani kwa sababu ya mitumbwi ya namna hiyo, iliyopita ikiuza na kununua kando ya ziwa hili, kwa hiyo siwezi kuwapita kimya.

Ndani ya kikasha mlikuwa na karatasi ya kuandika majina ya waliofika. Binamu yangu wa miaka tisa alituandika sote, akamwongeza na dereva.

Njiani kurudi baba hakuuliza tena habari za Stanley. Aliuliza huyo Said bin Majid alikuwa nani, nikamweleza hadi tukafika Gatete, pamoja na habari ya mwanawe Soud, aliyeuawa mwaka huohuo wa 1871 katika vita na Mirambo.