Randa na Kiganja cha Seremala

Ndugu msomaji, ikiwa umepata kufika Elwak, yamkini umesikia kengele ya mti ikigonga shingoni mwa ngamia aendaye kisimani. Kengele ile huchongwa kwa tezo na kisu, wala haihitaji randa. Nyumba ya wafugaji nayo, ambayo kina mama huijenga kwa fito zilizopindwa na mikeka, kisha huifungua na kuipakia juu ya ngamia, haina pembe iliyo mraba. Lakini hebu litazame dawati la mbao uliandikialo. Mbao zake zimekutana sawasawa, kwa maana vichwa vyake vilinyooshwa kwa randa.

Neno randa limetujia kutoka Kiajemi, lakini chombo chenyewe ni cha kale mno. Mwaka 79, mlima Vesuvius ulipoufukia mji wa Pompeii, randa za maseremala wa Kirumi zilifukiwa pamoja nao. Warumi walizitoboa randa zao tundu za kushikia. Basi tangu zamani hizo fundi alijua kwamba chombo kisichoshikika hakifai, hata kikiwa kikali namna gani.

Shida ilizidi maseremala walipobuni ubao wa kunyooshea vichwa vya mbao. Ubao huo una kizuizi kilichowekwa kwa pembe ya digrii 90. Fundi huegemeza mbao yake kwenye kizuizi, akailaza randa ubavu, akaisukuma. Kichwa cha mbao ni kigumu, kwa kuwa makali hukata nyuzi kwa kuzipitia katikati. Tena randa iliyoundwa isimame sasa imelala. Mpini umeelekea kando, na kiganja hakina pa kutulia. Baada ya muda vidole huuma, kifundo cha mkono huchoka, na mkono uliochoka husukuma kombo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya Stanley ya Marekani ilitoa randa namba 51 kwa kazi hiyo hasa. Mpini wake uliinamishwa ufuate mkono, na makali yake yalikaa mshazari ili yakate kwa wepesi. Lakini fundi asiye na fedha za chombo kama hicho hakosi njia. Huchonga kipande cha mti kwa umbo la kiganja chake, akakifunga juu ya randa. Hupaka nta mahali inapopita. Hunoa mara kwa mara, maana makali butu hudai nguvu nyingi. Na penye jua kali kama la Elwak, ambako chuma kilichoachwa nje huchoma mkono, kishikio cha mti ni neema.

Wapo wasemao kwamba maumivu ni ada ya kazi, na kwamba anayetafuta wepesi ni mvivu. Historia ya randa yawakanusha. Fundi aliyeusikiliza mkono wake hakuikimbia kazi. Aliifanya mbao ya mwisho iwe nyofu kama ya kwanza. Nawe, msomaji, chombo kikikuumiza, usikitupe wala usivumilie tu. Kichunguze, kisha ukitengeneze kikufae.